Kodi ya Nyumba Imehamia Kwenye Magurudumu

Ukirudisha funguo za nyumba na kuhamia kwenye vani, kodi haifi, inahama. Jana ulikuwa unamlipa mwenye nyumba kila mwezi. Leo unailipa barabara kila kilomita, kwa mafuta, matairi, oili, pedi za breki na ule uchakavu unaoshusha thamani ya gari hata siku ambazo hakuna kilichoharibika. Asiyeliona hili hubana matumizi pale pasipo na fedha. Atazima taa mapema, atajinyima matunda, atatafuta sabuni ya bei ya chini kabisa, halafu Jumamosi anawasha gari na kwenda kilomita mia nne kuangalia maporomoko aliyoyaona kwenye picha ya mtu.

Naishi kwenye gari muda wote, sina chumba kinachonisubiri mahali, na wanaotaka kuingia kwenye maisha haya huniuliza mambo yaleyale: jiko gani, friji gani, betri ya ukubwa gani. Ni maswali ya maana na nitayagusa. Lakini kabla ya hayo, angalia mita ya kilomita kwenye dashibodi. Kwa mwezi unatembea umbali gani? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama utaweka akiba au utaimaliza ile uliyokuja nayo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua gari linalokula lita 10 kwa kilomita 100, jambo la kawaida kwa vani yenye kitanda, maji na vyombo ndani. Ukitembea kilomita 3,000 kwa mwezi, umechoma lita 300. Ukitembea kilomita 800, umechoma lita 80. Tofauti ni lita 220. Hakuna ujanja wa jikoni utakaokurudishia lita 220, wala kuzunguka mji mzima ukitafuta kituo chenye mafuta nafuu. Na hapo bado hujahesabu kwamba oili, matairi na mikanda navyo vinazeeka kwa kilomita.

Ndiyo maana nikifika mahali pazuri, nakaa. Nakaa wiki kadhaa, pengine mwezi, kama sheria ya mahali inaruhusu. Mgeni wa siku moja hununua kila kitu kwa bei ya mgeni. Hajui bomba la maji liko wapi, kwa hiyo ananunua maji ya chupa. Hajui soko linafungwa saa ngapi, kwa hiyo anakula mgahawani. Analipa maegesho ya karibu na kila kitu kwa sababu hajui kwamba mitaa miwili mbele kuna nafasi ya bure. Siku ya nne au ya tano mji unaanza kukufungukia: unajua fundi anayesifiwa na madereva, unajua mahali pa kufulia, muuza mboga anakujua sura. Viwanja vingi vya kambi navyo vina bei ya wiki au ya mwezi ambayo, ukiigawa kwa siku, iko chini sana ya bei ya usiku mmoja. Bei hiyo mara nyingi haijabandikwa ukutani. Inabidi uulize, na uulize kwa adabu kabla hujalipa usiku wa kwanza.

Naweka daftari kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Kila nikijaza tangi naandika tarehe, kilomita, lita na fedha niliyolipa, basi. Programu za simu zipo na ni nzuri, lakini daftari lina faida moja: linaonekana. Ukigeuza ukurasa ukakuta lita kwa kilomita 100 zimepanda kidogo kidogo kwa miezi miwili wakati mwendo wako na barabara zako ni zilezile, gari linakuambia kitu. Huenda chujio la hewa limeziba, huenda breki ya gurudumu moja inashika, huenda matairi yamepungukiwa upepo. Kugundua kwa kalamu ni rahisi kuliko kugunduliwa na fundi wa kuvuta magari usiku.

Ukishapunguza umbali, punguza mwendo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, kizuizi hicho kinakaribia kuwa mara mbili, na vani, kwa urefu wake na uso wake mpana, inaumia kuliko gari dogo la chini. Ukiweka na sanduku juu ya paa ndiyo kabisa. Sasa tazama unachopata kwa gharama hiyo. Safari ya kilomita 300 kwa mwendo wa 90 inachukua saa 3 na dakika 20. Kwa mwendo wa 110 inachukua saa 2 na dakika 44. Umenunua dakika 36. Kwa mtu anayewahi kazini hizo ni dakika za thamani, lakini mtu ambaye kitanda chake, jiko lake na nguo zake vyote viko nyuma ya kiti anawahi wapi?

Upepo wa matairi upime asubuhi, yakiwa ya baridi, na ufuate kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi kina kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na wewe una mzigo siku zote. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto, hulika pembeni na hula mafuta. Uzito nao upunguze. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 lililojaa ni kilo 100 unazopandisha mlima, na kama unakokwenda kuna maji safi umezipandisha bure.

Sasa umeme, maana huku ndiko watu wanakomwaga fedha nyingi mwanzoni. Kanuni ninayoifuata ni kwamba betri ni ya mwanga, simu, feni, pampu na friji ndogo. Joto lolote nalitafuta kwingine. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji karibu wati-saa 93 (wati-saa moja ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1 kwa saa moja), hata kabla ya kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 na volti 12 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, ila ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 600 za kutumia. Birika moja la maji limekula karibu sehemu moja ya sita. Kwa umeme huohuo taa ya LED ya wati 5 ingewaka zaidi ya saa 18. Anayepika kwa umeme wa betri inabidi anunue betri kubwa, inveta kubwa, paneli nyingi na waya nene za kubeba yote hayo, na vyote hivyo avibebe kila kilomita.

Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 ni ghali siku ya kununua, na kwa anayeishi ndani ya gari mwaka mzima naona zinalipa. Zinakubali kutumiwa asilimia 80 na zaidi, ni nyepesi, na hudumu kwa maelfu ya mizunguko ya kuchajiwa na kutumiwa pale ambapo za risasi huishia kwenye mamia. Hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, hilo alijue anayekwenda kwenye baridi kali. Kama bado unajaribu maisha haya na huna hakika utayaendeleza, betri ya risasi inatosha.

Friji ndiyo mlaji mkuu. Kwenye gari langu taa, simu na feni kwa pamoja haziifikii. Yenye kompresa ya volti 12 ikivuta wati 45 na kufanya kazi theluthi ya siku, inamaliza wati-saa 360. Kwa hiyo paneli za sola zipimwe kwa friji, mengine yatajipenyeza. Chagua ya kufunguliwa kwa juu: hewa baridi ni nzito, inabaki chini ukifunua kifuniko, wakati kwenye ya mlango wa mbele inamwagika miguuni. Na paneli uiangalie kivuli. Tawi moja lililofunika kona ya paneli linaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wote, si ya kona ile tu. Hapa kuna mvutano ambao kila mkazi wa gari anaujua: unataka kuegesha chini ya mti upoe, na sola inataka jua. Paneli ya kukunja yenye waya mrefu inamaliza ugomvi huo.

Kupika napika kwa gesi. Chakula kinachochukua muda mrefu kuiva nakiweka kwenye sufuria la presha, kikishachemka vizuri nazima jiko na kulifunika sufuria kwa blanketi nene. Chakula chenyewe kinaendelea kuiva taratibu, gesi imefungwa. Jiko la gesi halifai kutumika kupashia gari joto usiku, hata mara moja, hata kidogo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na ndani ya chumba kidogo namna hii inaua watu waliolala. Weka king'ora cha kuitambua gesi hiyo karibu na kitanda. Kuna na sababu ya fedha: kila kilo moja ya propani inayoungua inatoa karibu kilo 1.6 za maji yaliyo mvuke. Mvuke huo unageuka maji kwenye bati, unalowesha godoro, unaleta ukungu na kutu. Ukipika fungua dirisha, baridi iwe kali namna gani.

Nimefika kwenye matengenezo, na hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakishindwa na kurudi walikotoka.

Gari la mwenye nyumba likiingia gereji, yeye anapanda basi na kurudi kulala kwake. Gari langu likiingia gereji, nyumba yangu ndiyo imeingia gereji. Siku hiyo namlipa fundi, nalipia chumba cha kulala, nakula cha kununua kwa sababu jiko langu liko juu ya jeki, na nauli juu. Spea ikiagizwa kutoka mbali, siku mbili zinakuwa kumi, na bili ya kulala inaipita bili ya fundi. Kwa hiyo mfuko wa dharura wa mkazi wa gari una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya fundi na spea. Ya pili ni ya kulala na kula nje kwa wiki mbili hivi. Watu wengi wanaweka ya kwanza na kuisahau ya pili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeishi kwenye gari anauona ukweli huo kwa masikio. Wakati fulani nilisikia mvumo kwenye kona ndefu ya kushoto. Barabara iliponyooka ukapungua. Nikazima redio, nikafunga madirisha, nikaisubiri kona nyingine. Kushoto unavuma, kulia unanyamaza. Gari likikata kushoto uzito unaegemea upande wa kulia, kwa hiyo nilijua beringi ya upande wa kulia, ile inayolifanya gurudumu lizunguke laini, inalalamika. Fundi niliyeelekezwa, mzee wa makamo, alilinyanyua gari, akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono mmoja huku mwingine ameukamata kwenye springi. Akaniita. "Weka mkono hapa mwanangu, usikie." Mtetemo ulikuwa mdogo, kama mchanga unaosagika chini ya kidole. Akalizungusha la kushoto, springi ikatulia kimya. Beringi ilibadilishwa mchana huohuo na usiku nililala kitandani kwangu. Beringi hiyo ikiachwa mpaka ikwame, inaharibu kitovu cha gurudumu, na inaweza kulitoa gurudumu lenyewe barabarani.

Toka hapo nina desturi: kila wiki naendesha kipande cha barabara tulivu bila redio, nasikiliza tu. Haigharimu kitu. Asubuhi kabla ya safari natoa stiki ya oili, naifuta, naizamisha, natazama kiwango na rangi. Natazama maji ya rejeta injini ikiwa ya baridi. Nachungulia chini kama kuna tone jipya sakafuni. Dakika tano.

Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni ndani ya injini, ni habari nyingine. Haulalamiki. Haupigi kelele ya kukuonya, unakatika. Kwenye injini nyingi ukikatika, valvu na pistoni zinagongana, na hapo unazungumzia injini nzima. Mtengenezaji amesema kilomita ngapi au miaka mingapi, chochote kitakachotangulia, fuata. Ukinunua gari lililotumika na mwenyewe hana risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa na uutoe kwenye bei. Matairi vilevile: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na likawa limezeeka. Na ukichagua gari, chagua lile lililojaa barabarani. Vani adimu yenye sura nzuri itakusubirisha spea, na nimeshasema kusubiri kunalipiwa vipi.

Fedha ya matengenezo naipata kwa kilomita, na njia hii naipendekeza kwa kila mtu. Matairi manne yakidumu kilomita 40,000, gawa bei yake kwa 40,000: hiyo ndiyo gharama ya matairi kwa kila kilomita. Fanya hivyo kwa oili na chujio, kwa pedi za breki, kwa mkanda wa taimingi, kwa amotiza zinazopunguza mitikisiko ya gari. Jumlisha. Bima na ada za mwaka zigawe kwa 12. Kila Jumapili natazama nimetembea kilomita ngapi wiki hiyo, nazidisha, na kiasi hicho nakihamishia kwenye akaunti ambayo sina kadi yake. Wiki niliyokaa mahali pamoja nahamisha karibu na bure. Wiki niliyozurura nahamisha nyingi, na kuiona ikiondoka kunanifanya niulize mara mbili kabla ya kuzurura tena.

Bima usiifanyie ubahili wa kuficha. Kama umefunga kitanda, gesi na umeme ndani ya gari lililosajiliwa la mizigo, na unaishi humo, iambie kampuni ya bima kwa maandishi. Mabadiliko yasiyotajwa ni sababu tosha ya kukataliwa fidia, na hapo utakuwa umelipa miaka yote kwa karatasi.

Kulala bure kunawezekana sehemu nyingi, na kunakatazwa sehemu nyingi pia. Soma kibao, uliza wenyeji, ondoka mapema, usiache hata karatasi. Faini moja inafuta usiku mwingi wa bure. Mimi huchanganya: siku kadhaa bila kulipa, kisha usiku mmoja wa kambi yenye bafu, mashine ya kufulia na umeme, na usiku huo nafanya vyote kwa mkupuo. Mahali pasiponipa usalama moyoni naondoka, hata saa sita usiku, hata kama ni bure. Usingizi siuwekei bei, kwa sababu dereva aliyechoka ndiye anayegonga.

Kwa wanaovuka mipaka: mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nchi uliyopo au kwa fedha ya kwenu, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya kwenu unampa mwenye mashine nafasi ya kukupangia kiwango cha kubadilisha, na hakipangi kwa faida yako. Kama benki inakata ada kwa kila kutoa fedha taslimu, toa nyingi mara chache.

Limebaki jambo ambalo wengi hawataki kulisikia, nalo ni vitu ulivyoviacha. Kama umekodi ghala la kuwekea makochi, kabati na televisheni, bado unalipa kodi ya nyumba. Tofauti ni kwamba nyumba hiyo huwezi kuingia kulala. Zidisha ada ya ghala kwa miezi unayotarajia kuwa barabarani, kisha jiulize makochi hayo ungeyauza kiasi gani leo. Wanandoa ninaowafahamu walifanya hesabu hiyo wakiwa barabarani, wakarudi kuuza kila kitu, na kwenye matumizi ya safari yao ada ya ghala ilikuwa ya pili kwa ukubwa baada ya mafuta. Vyeti, picha na vya urithi vinatosha sanduku moja, na sanduku moja ndugu hawezi kukukatalia. Mwombe ndugu huyohuyo anwani ya barua, maana benki, bima na leseni vyote vitaitaka. Vingine viuze kabla hujawasha gari, na fedha yake iingie yote kwenye ile akaunti isiyo na kadi, ili mkanda wa taimingi uwe umeshalipiwa kabla ya kilomita ya kwanza.